Miti ya Kaburi Haipitishwi Mlangoni

Kinyesi cha fisi kikikaushwa na jua huwa cheupe kama chokaa, kwa sababu ya mifupa anayoitafuna. Hatibu alijifunza jambo hilo alipokuwa mwanafunzi wa misitu kule Morogoro, na siku hizo lilimpendeza kama mambo mengi ya maumbile yanavyompendeza kijana anayeyasoma akiwa mbali nayo. Asubuhi ile ya mwaka 1981, aliposimama juu ya kilima cha makaburi ya Igwamanzi na kuliona rundo jeupe kando ya kaburi la Bi Chausiku, halikumpendeza hata kidogo. Rundo lilikuwa kavu, la siku nyingi. Maana yake ni kwamba mnyama yule hakuwa mgeni pale. Alikuwa na mahali pake pa kujisaidia, kama mwenye nyumba.

Bi Chausiku, muuza vitumbua wa sokoni, alikuwa amezikwa juzi yake. Kaburi lilikuwa limefukuliwa upande wa miguu. Kipande cha sanda kilikuwa kimenasa kwenye jiwe, kikipepea polepole. Inzi waliotua juu yake walikuwa wanono, wazito wa kuruka, na ukiwapunga walihamia usoni kwako kwa miguu ileile. Hatibu akashika jembe, akayarudisha ardhini yale yaliyobaki ya mwanamke aliyekuwa akimpa kitumbua cha bure alipokuwa mdogo. Wenzake walisimama upande unakotoka upepo, leso puani.

Mzee Fikirini, mfanyabiashara na mwenyekiti wa kamati ya makaburi, alikuwa akichokonoa meno kwa njiti. Alisema fisi yule ana mwenyewe, na dawa ilikuwa kumtafuta huyo mwenyewe. Donatus, aliyesimamia upande wa Wakristo wa kilima hichohicho, akamtazama kwa jicho la pembeni.

"Mtaje basi, Mzee," alisema. "Tukamwambie amfunge kamba, maana leo amekula upande wenu, kesho atahamia kwetu. Hajui dini huyo."

Vijana wawili walicheka, kisha wakaona aibu. Mzee Fikirini hakucheka. Aliitupa njiti yake juu ya kaburi la mtu mwingine, akateremka kilima.

Igwamanzi ulikuwa mji mdogo upande wa kusini wa Geita, katika njia ya kuelekea Kahama. Mgodi wa wakoloni ulikuwa umeuzaa mji huo kisha ukaufia mikononi, na wakazi wake walikuwa wa kila namna: wajukuu wa wafanyabiashara waliotoka pwani na Ujiji, wachimbaji waliobaki bila mgodi, Wasukuma na Wasumbwa walioingia kuuza pamba wakakaa. Bondeni ulikuwa udongo mweusi wa mbuga, ambao masika hunywa maji hadi ukavimba, na kaburi ulilolichimba asubuhi hugeuka kisima jioni. Ndiyo maana wazee wa kwanza waliwapeleka wafu wao juu. Kilima kile kilikuwa cha mawe ya kijani kibichi yenye weusi, mawe ya volkano ya zamani mno, ambayo hata kinywa chake hakionekani tena. Mawe hayo yalikuwa yamemomonyoka yakawa changarawe nyekundu, na maji yaliyomwagika juu yake yalipotea kama yamemwagwa kwenye chekecheke. Wafu walilala pakavu. Lakini chini ya changarawe hiyo palikuwa na mwamba usioingia sururu, kwa hiyo walilala juujuu, na changarawe ile iliyopitisha maji bila kuuliza ilipitisha na makucha.

Saruji haikupatikana miaka ile. Sanda yenyewe ilitolewa kwa kibali.

Hatibu aliporudi nyumbani alikuta mama yake, Bi Mwahija, ameegemezwa kwenye mto na Tabu, dada yake Hatibu, aliyekuwa akimuuguza. Kwa miaka mingi Bi Mwahija ndiye aliyekuwa mwosha maiti wa wanawake wa Kiislamu pale mjini, na Bi Chausiku ndiye aliyekuwa wa mwisho kuoshwa naye. Aliifanya kazi hiyo akiwa amekalishwa kwenye kigoda, miguu yake imevimba maji, kwa sababu marehemu alikuwa shoga yake wa tangu ujana. Alimuuliza mwanawe alichokiona kilimani. Hatibu akajibu kwamba kaburi limetitia kidogo, wamelirekebisha.

"Usinidanganye," alisema Bi Mwahija. "Nimemwosha mimi. Kila kiungo chake nimekimwagia maji kwa mkono huu. Nimfunge sanda kama mtoto, halafu uniambie kaburi limetitia?"

Bi Mwahija akavuta pumzi, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza kitu dukani.

"Mimi kufa sikuogopi. Wenye kufa nimewashika wengi mno. Ninachokiogopa ni meno. Wanasema fisi akimla muwele, mzima funga mlango. Mji huu umefunga milango, mwanangu, na wewe serikali imekusomesha miti. Nipandie ua nitakapolala. Sitaki kingine kwako."

Hatibu aliahidi, na tangu saa ile hakuwa na jambo lingine la maana maishani.

Kamati ilikutana kwenye baraza ya Mzee Fikirini. Chai ililetwa, tena chai ya sukari, wakati ambapo nusu ya mji ilikuwa imesahau ladha ya sukari. Nyuma ya nyumba, kupitia mlango wa uani uliokuwa wazi, Hatibu aliiona bustani ya nyanya ya mwenyeji wake. Ilikuwa imezungushiwa seng'enge mpya, inayong'aa, nyuzi nne zilizonyooka vizuri kwenye nguzo. Kila mtu aliyeketi pale aliijua seng'enge hiyo. Ilikuwa imeletwa mwaka uliopita kwa ajili ya makaburi, baada ya maombi ya muda mrefu, na ilikuwa imeteremshwa kwa Mzee Fikirini ili aihifadhi. Ameihifadhi kweli, Hatibu aliwaza. Nyanya zilikuwa nyekundu, zimenona, zimelala kwenye majani yake kama mabwana. Hatibu alikunywa chai. Utamu wake ulimganda kooni kama kohozi.

Alieleza hoja yake kwa utaratibu. Mikaratusi iliyopandwa na kamati kwa safu, ili kilima kipendeze machoni mwa wageni, ilikuwa imekufa yote. Mti ule unataka maji mengi, na kwenye changarawe maji hupita kabla mzizi haujafumbua mdomo. Mchwa wakamaliza mengine. Kilichofaa ni kuchagua miti na vichaka vya palepale, vilivyozoea kiu ya kilima kile: minyaa kwa ukuta wa ndani, na nje yake kikwata na mkulajembe, miti yenye miba.

"Kwa hiyo unataka kutupandia pori," alisema Mzee Fikirini.

Hatibu alisema ndiyo, pori, lakini pori lililopangwa.

"Baba yako alikuja hapa kulikimbia pori, leo wewe mwenye digrii unalirudisha kwa wafu. Na minyaa! Minyaa ni mti wa zizi, Bwana Misitu. Utomvu wake unapofua macho. Watu wa mjini walazwe zizini kama ng'ombe wa Kisukuma?"

Donatus alisema yeye ni Msukuma, na ng'ombe wa kwao hawajaliwa na fisi tangu azaliwe, kwa hiyo labda wafu wa mjini wangejifunza kitu kwao. Watu walicheka. Mzee Fikirini naye akacheka safari hii, kwa sababu alikuwa ameona kwamba Hatibu anaiangalia bustani. Wazee wale wawili, mmoja kwa umri na mwingine kwa elimu, walitazamana kwa muda mfupi juu ya vikombe. Hatibu alijua kwamba akilitaja neno seng'enge, kikao kitavunjika, watu watagawanyika, na ua hautapandwa. Alijua pia kwamba Mzee Fikirini anajua hivyo. Hakulitaja. Kibali cha kupanda pori kikatolewa papo hapo, kwa sauti ya ukarimu, na Hatibu aliondoka akijihisi kama mtu aliyekula kwenye sahani ambayo mwingine ameitemea.

Minyaa ilitoka kwa Maganga, mfugaji aliyekuwa amehamishwa na Operesheni Vijiji. Kaya yake ya zamani ilibaki tupu porini, nyumba zimeanguka, lakini ua wake wa minyaa ulikuwa bado umesimama, mnene kiasi kwamba kuku asingepenya. Hatibu alipofika na kuanza kusalimu kwa shikamoo, Maganga alimjibu kwa "mwangaluka" ya kwao, kisha akamsikiliza, akasema kwa utulivu kwamba afadhali miti ile ilinde mtu, maana kwa sasa inalinda majivu. Alitoa na mkokoteni wake wa ng'ombe. Alipoambiwa ahsante alijibu "wabeja" na kumtaka Hatibu asijifute uso kabla ya kunawa ule utomvu.

Hatibu hakuichomeka minyaa ardhini siku ileile. Aliilaza kivulini hadi vidonda vyake vikakauka na utomvu ukaganda, kwa sababu fimbo ya mnyaa inayozikwa mbichi huoza. Bondeni ingeoza hata hivyo. Kwenye changarawe ile ya kilima, mvua za kwanza ziliinywesha na kuiacha, zikainywesha na kuiacha, na ikashika. Mkulajembe aliuotesha kwa vipande vya mizizi, kwa sababu mti huo ukiukata mzizi mmoja hukujibu kwa machipukizi matatu. Kikwata alikipanda kwa mbegu alizookota mwenyewe. Alikipenda kuliko vyote. Mwiba wake umepinda kama ukucha wa paka. Ukiingia hauumi sana, ukitaka kutoka ndipo unakujua.

Upande wa langoni alipata neema ambayo hakuitarajia. Palikuwa na visiki vingi vya mlama, vifupi, vyeusi, ambavyo mtu yeyote angesema vimekufa. Alipovikwaruza gome akakuta ukijani. Alivizungushia mawe ili mbuzi wasivifikie, akachagua chipukizi bora katika kila kisiki na kuyapunguza mengine. Visiki vile vilikuwa na mizizi ya miaka mingi iliyokwisha kuupasua mwamba, kwa hiyo vilikua kwa kasi ya ajabu. Baada ya masika matatu milama ilikuwa imempita kimo, imenyooka kama mishale, imesimama bega kwa bega na kufunga upande wote wa langoni, isipokuwa uchochoro wa jeneza, aliouziba kwa mlango wa miba. Hatibu aliyapima mashina yake kwa kidole na dole gumba, akaridhika. Fisi alionekana mara mbili akizunguka nje, kisha akaacha kuonekana. Jioni Hatibu alimsimulia mama yake, ambaye sasa hakuweza tena kukaa, na mama yake aliuliza maswali kama ya fundi: miba inatazama wapi, na pale langoni je, pamefungwa kweli? Hatibu akasema pamefungwa.

Basi haukupita muda akakuta pengo.

Palikuwa langoni, kwenye milama. Mashina kadhaa yalikuwa yamekatwa kwa panga, kwa pigo la mshazari, usawa wa goti. Hatibu aliwalaumu wachoma mkaa. Wiki chache baadaye pengo lilikuwa limeongezeka, na katikati yake, juu ya changarawe iliyoloa, palikuwa na nyayo anazozijua, miguu ya mbele mikubwa kuliko ya nyuma. Hatua chache ndani, mnyama alikuwa amejisugua matako kwenye nyasi na kuacha ule utando wake wa manjano unaonuka kama sabuni iliyooza. Hatibu aliufukia kwa changarawe kwa ncha ya kiatu. Alikuwa amezoea harufu nyingi za vitu vinavyooza msituni, lakini hii ilikuwa harufu ya kitu kinachorudi nyumbani.

Waliokata aliwakuta siku ya maziko ya Bashiri, fundi cherehani. Hatibu alichelewa, na alipokuwa akipanda kilima aliwaona vijana watano, watoto wa watu anaowaheshimu, wakiikata milama yake huku wakitaniana kwa sauti ya chini juu ya nani ana panga butu. Hawakujificha. Mmoja alimsalimu kwa adabu na kumwomba apishe, mti usimwangukie.

Walikuwa wakikata viunza.

Hapo Hatibu alikumbuka kila kitu. Maiti wa Kiislamu akishalazwa kwenye mwanandani, ule mfereji wa chini ya kaburi, hufunikwa kwa viunza kabla udongo haujarudishwa, na pale Igwamanzi, ambapo mbao zilikuwa anasa tangu mwanzo, viunza vilikuwa miti mibichi. Hukatwa na vijana wa msibani wakati maiti anaoshwa. Na hukatwa karibu kabisa na kaburi, kwa sababu miti ya kaburi haipitishwi mbele ya mlango wa mtu. Nyumba inayopitiwa nayo, walisema wazee, itafuata kutoa maiti. Yeye mwenyewe alikuwa ameikata siku ya kumzika baba yake, akiwa na miaka kumi na saba, palepale, kwa pigo lilelile la mshazari. Visiki vile vyeusi vilivyomfurahisha vilikuwa kazi ya mikono kama yake. Mji mzima ulikuwa umekila kilima chake, maziko kwa maziko, hadi kikabaki kipara na wafu wakafunikwa kwa vichaka vya kuokoteza, kisha ukamshangaa fisi. Na yeye, aliyevikwaruza visiki hivyo na kukadiria umri wa kila kimoja, aliuuliza udongo kila kitu na hakuuliza nani alikata. Alikuwa ameupandia mji viunza, vilivyonyooka, langoni.

Alimfuata Mzee Fikirini barazani kwake. Alimweleza kwamba ua unakatwa na wenyewe unaowalinda, na akaomba kamati itangaze kuwa viunza vitatoka msitu wa mbali.

"Vipite wapi?" aliuliza Mzee Fikirini. "Zamani kilima kilikuwa peke yake. Sasa nyumba zimekizunguka pande zote. Njia gani isiyo na mlango?"

Hatibu alisema ni imani tu, Mzee, hata kitabuni haimo.

"Sijasema imo kitabuni. Nimesema ipo." Alipiga makofi kumwita mkewe alete chai. "Tena nikwambie. Siku utakapotaka kuipitisha miti ya maiti katika mji huu, anzia mlangoni kwako. Ukifika kwangu nitakuwa nimesikia."

Bi Mwahija alifariki mwanzoni mwa mvua za vuli za mwaka 1984, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Tabu. Maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka yalikuwa ni kuuliza kama pale langoni pameziba. Pengo lilikuwa pana kiasi cha mkokoteni kupita. Hatibu alikuwa amelijaza miba mikavu, akijua kwamba miba mikavu ni mzaha tu kwa fisi, lakini nyuma yake machipukizi mapya ya mlama yalikuwa yamefika usawa wa kifua na kuanza kushikana. Yakiachwa masika moja tu, yangefunga. Yakikatwa leo, ua ungekuwa umekufa upande ule, na mama yake alikuwa anakwenda kulala hatua chache kutoka hapo, karibu na Bi Chausiku, mahali alipopachagua mwenyewe.

Wanawake walianza kumwosha. Joto lilikuwa limekwisha kupanda, na harufu ya ubani haikuweza kuificha ile nyingine, ya miguu iliyojaa maji kwa miaka. Vijana walichukua mapanga yao na kuelekea kilimani. Hatibu aliwasimamisha mlangoni. Aliwaambia leo hakuna atakayegusa mlama.

Walimtazama kama mtu aliyechanganyikiwa na msiba. Mmoja alisema kwa upole, "Kaka Hatibu, tumfunike na nini? Tumrushie changarawe usoni?"

Tabu alitoka chumbani, mikono yake ingali na maji. Alisema maiti yu karibu kuwa tayari na hawezi kungojeshwa, si kwa jua hili. Kisha akamwona kaka yake akitazama kitu nyuma ya bega lake, ndani ya chumba, na alikuwa wa kwanza kuelewa. Akasogea kando.

Kitanda cha Bi Mwahija kilikuwa cha mninga, kilichochongwa na fundi wa Tabora wakati wa harusi yake. Alfajiri Hatibu alikuwa amemtoa mama yake juu yake na kumpeleka chumba cha ndani, alikokuwa akioshewa sasa. Sasa alikigeuza, akazing'oa chaga zake moja moja, nene, nyekundu, zenye harufu yake ya asili iliyofukiwa na miaka ya jasho, mkojo na dawa za kuchua. Kwenye moja palikuwa na doa jeusi lililokuwa na umbo la mgongo. Alijikaza. Ni mama yangu, alijiambia, na alijiona mchafu kwa kuwa alihitaji kujiambia. Aliung'oa na mfumbati mmoja, ubao wa ubavuni, akafunga mzigo kwa kamba na kuutia kichwani.

Hakuna kijana aliyejitolea kumsaidia. Hawakuwa wabaya, mama zao walikuwa milangoni.

Alianzia mlangoni kwake, kama alivyoambiwa. Kisha akapita mlango wa jirani, na wa pili yake, na mtaa ukaanza kufunga. Hakusikia matusi. Alisikia makomeo. Mwanamke mmoja aliyechelewa alimvuta mtoto ndani kwa sikio na kutema mate kizingitini, mate mengi, na yakamfikia Hatibu kwenye ukingo wa kanzu. Mwingine, ambaye mama yake na bibi yake wote walioshwa na Bi Mwahija, alimwaga maji machafu ya vyombo mbele yake ili kukata njia. Hatibu aliyavuka. Wali uliochacha ulimng'ang'ania kwenye kandambili. Alikuwa ameishi miaka mitatu akiwaona watu hawa kwa kinyaa, na sasa, kwa mara ya kwanza, alijua jinsi kinavyohisiwa na anayetazamwa.

Mzee Fikirini alikuwa amesimama barazani. Hakuwa amefunga mlango. Labda aliona si heshima kwa mwenyekiti kujificha.

"Hatibu," alisema. "Zungusha. Pitia nyuma."

"Nyuma kuna seng'enge ya makaburi, Mzee," Hatibu alijibu. "Nitapitaje?"

Lilikuwa limetoka. Alikuwa amelitafuna kwa miaka mitatu, na sasa lilitoka bila kelele, mbele ya baraza ambapo chai ilinywewa. Kutoka nyuma ya dirisha moja lililofungwa mtu alicheka, akajizuia. Mzee Fikirini akaingia ndani taratibu, na komeo lake likalia kama makomeo mengine.

Bi Mwahija alifunikwa kwa chaga za kitanda chake. Zilienea kama zilizopimwa. Donatus, ambaye hakuwa na haja ya kuwapo, alikuwa ndiye aliyezipokea kutoka kichwani mwa Hatibu pale langoni, akauchukua mfumbati na kuuweka mahali palipobaki upenyo, akisema tu kwamba mninga hauliwi na mchwa, mama amekwenda na kitu cha maana. Talakini ilisomwa. Milama ya langoni haikuguswa.

Nyumbani Hatibu alikuta kikapu. Mzee Fikirini alikuwa ameleta rambirambi: nyanya, zilizopangwa kwa saizi, zimefutwa vumbi. Tabu aliuliza azipike, kwa kuwa wageni wa matanga walikuwa na njaa. Hatibu alisema hapana. Alishindwa kuzitupa pia, kwa kuwa rambirambi haitupwi, kwa hiyo zilikaa pembeni mwa jiko zikiiva kupita kiasi, hadi za chini zikapasuka na kutoa maji mekundu, na inzi wanono wakazigundua.

Katika siku zile za matanga, mchana, alipanda kilimani na kufanya kazi aliyopaswa kuifanya mwanzo. Ndani ya ua, katikati ya makaburi, vilikuwapo visiki vingine vya mlama. Alivitafuta kimoja kimoja, akavikwaruza, akavizungushia mawe. Hivi havikuwa vya ua. Vilikuwa vya kukatwa. Vitakatwa palepale pa kuzikia, na havitapita mlango wa mtu yeyote. Wanaofunga milango watapata viunza vyao bila kumvua nguo aliyelala langoni. Alipowaza hivyo hakujisikia mwema. Aliwaza kwamba ndivyo mtu anavyomwekea mbwa chakula pembeni ili asile mezani.

Mvua iliponyesha alikwenda mapema kuangalia. Nyayo zilikuwapo. Zilifika kwenye pengo, zikasimama mbele ya milama michanga iliyoanza kushikana na miba iliyolundikwa mbele yake, zikageuka, zikafuata ua mzima kwa nje. Upande wa mashariki mnyama alikuwa amejaribu kwa nguvu. Kwenye kikwata lilining'inia fundo la manyoya ya kijivu, na kipande kidogo cha ngozi. Hatibu alilitazama kwa muda mrefu. Kaburi la mama yake lilikuwa zima, changarawe yake imelala kama ilivyosawazishwa, imekauka tayari.

Alishuka nyumbani, akabeba kikapu cha nyanya kwa mikono miwili, mbali na kifua chake kwa sababu ya maji yaliyokuwa yakidondoka, akapanda nacho tena. Alizimwaga zote nje ya ua, kwenye njia ya nyayo, kama anayemtengea fisi rambirambi.

Asubuhi iliyofuata zilikuwa palepale. Fisi alikuwa amepita. Alama za pua yake zilionekana kwenye tope, karibu kabisa na nyanya. Alikuwa amezinusa, akazizunguka, akaenda zake.

Hatibu alijua vizuri sana kwamba fisi si mlaji wa nyanya. Alikuwa amesomea. Hata hivyo alisimama pale hadi jua likawa kali, akiwatazama inzi wakizila.